Paka wa nyumba haingwa... lakini ana masharti yake!

Macho yangu ni mekundu kama ya mtu aliyekesha kwenye taarabu. Taarabu yenyewe haikuwepo. Nimekesha na paka!

Usicheke kwanza. Nisikilize, maana kilichonipata mimi kinaweza kukupata wewe kesho, na siku hizi hapa mjini watu wanaofuga paka ndani ya chumba ni wengi kuliko wanavyokiri. Ukienda kwa mtu anakwambia eti "huyu ni wa jirani, kaja tu." Kumbe ndiye analala naye kitandani!

Wa kwangu anaitwa Mheshimiwa. Ni dume, mweupe mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, umri wake miaka mitatu. Jina nilimpa mwenyewe kwa sababu ya kitambi chake, na kwa jinsi anavyosinzia mchana kutwa halafu akiamka anadai posho. Haruhusiwi kutoka nje. Aliyemtangulia alikuwa anatoka, akaenda kukutana na gari pale Barabara ya Morogoro, na mimi ndiye niliyekwenda kumwokota kwa mfuko wa rambo. Nikaapa kuwa atakayefuata ataishi ndani kama mwari.

Basi bwana, Jumamosi usiku, kiasi cha saa saba, nikasikia kwenye beseni lake la mchanga, kwaru... kwaru... kwaru. Nikageuka upande wa pili. Baada ya dakika tano, kwaru... kwaru. Nikawasha taa. Mheshimiwa amechuchumaa, mgongo ameukunja, anajikamua weee, halafu anatoka, anajilamba huko chini, anarudi tena. Hakuna kitu. Nikasema huyu amefunga choo, dagaa zimemzidia. Nikazima taa, nikalala. Hilo kosa la kwanza, liandike.

Asubuhi nikamkuta chini ya kitanda. Samaki hataki, kushikwa hataki, na sauti anayotoa siyo ile nyau ya kudai, ni mlio mzito wa chini kama mlango wenye bawaba za kutu. Kama unavyojua nyumba za kupanga, jambo la mmoja ni la wote. Mara moja likaitishwa baraza uani. Mama mwenye nyumba akatoa hukumu yake: "Mwanangu, mnyweshe mafuta ya nyonyo, atafunguka." Kijana wa chumba cha mwisho, anayejifanya anajua kila kitu kwa kuwa aliwahi kuuza duka la dawa, akasema, "Dada, mpe panadol nusu, maumivu yatatulia, mengine tutaona." Na dada yangu wa tumbo moja, ambaye amekuja kukaa kwangu akisubiri kujifungua, alikuwa amekaa kwenye mkeka na mimba yake ya miezi sita. Yeye hakupepesa macho. "Kamtupe Feri. Kule kuna samaki na wenzake. Mimi nilishasema huyu paka atanitoa mimba."

Hebu tuliache hilo la Feri kwanza, nitalirudia, maana ndilo lililotaka kutuvunjia undugu.

Siyo siri, panadol niliichukua. Nikaivunja, nikaiponda, nikaichanganya na mchuzi wa samaki kwenye kisosi. Mheshimiwa akanusa, akanitazama, akageuza kichwa. Nikamfungua mdomo kwa nguvu, akanikwaruza mkono mpaka damu, na ule mchuzi wote ukaishia kwenye kanga yangu. Nilimtukana siku hiyo, acha tu. Leo ningeweza kumpigia magoti.

Saa sita mchana akatapika povu. Hapo ndipo roho ikaniruka. Nikamtia kwenye kikapu cha ukili, nikafunga kanga juu, nikaita bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo. Njiani dereva ananiuliza, "Dada, umebeba kuku?" Nikamjibu ndiyo, kuku. Ningemwambia ni paka mgonjwa angenishusha njiani!

Daktari, kijana wa makamo, mpole, alimweka juu ya meza ya bati na swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Dada, huyu mara ya mwisho amekojoa lini?"

Nikabaki nimeduwaa. Mshahara wa mume wa jirani naujua, lakini mkojo wa paka wangu! Nikasema, "Nadhani juzi, daktari."

"Unadhani?"

Nikainamisha kichwa. Akamshika tumboni taratibu, akanichukua mkono na kuniwekea pale. Jamani, kulikuwa na kitu kimekaza kama mpira wa tenisi. Kumbe ndicho kibofu cha mkojo, kimejaa mpaka pomoni, na hakuna pa kutokea.

Sasa tega sikio, hasa wewe mwenye dume. Njia ya mkojo ya paka jike ni fupi na ina nafasi. Ya dume ni ndefu na nyembamba, na kule mwishoni inazidi kubana. Chembechembe ndogo kama mchanga, au ute tu ulioganda, vinatosha kuziba kama gunzi kwenye mdomo wa chupa. Mkojo ukikosa njia unarudi nyuma, figo zinashindwa kazi, na sumu pamoja na madini ya potasiamu yanapanda kwenye damu. Potasiamu ikizidi, moyo unasimama. Tangu kuziba mpaka kufa ni siku mbili, tatu hivi. Kwa hiyo paka dume anayekwenda kwenye mchanga kila dakika na hatoi kitu, hana habari ya choo kigumu mpaka daktari amshike na kuthibitisha. Ni mgonjwa wa dharura, wa kukimbizwa usiku huohuo. Mimi nilizima taa nikalala!

"Umempa dawa yoyote?" daktari akauliza. Nikamsimulia mafuta ya nyonyo niliyokataa na panadol aliyoikataa mwenyewe. Akaweka kalamu chini. Akaniambia ini la paka halina uwezo wa kuivunjavunja paracetamol kama letu. Nusu kidonge cha mtu mzima kinatosha kumuua paka wa kilo nne. Damu yake inageuka rangi kama ya kahawa na haibebi tena hewa safi, fizi zinakuwa za kahawia au bluu, uso na miguu inavimba, anahema juujuu. Wengi wanakufa hivyo, na wenyewe wanabaki wakisema "nilimpa dawa lakini ikawa siku yake." Aspirini, diklofenaki, ibuprofeni, vyote hivi viache kwenye droo yako. Paka siyo mtoto mdogo mwenye manyoya, msomaji. Tumbo lake na ini lake ni vya kwake.

Mheshimiwa akadungwa sindano ya usingizi, akapitishiwa mpira mwembamba kama waya wa redio, akasafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali. Ulipotoka, mkojo ulikuwa na rangi ya juisi ya rosela. Daktari akasema alale hapo siku mbili, atundikiwe dripu, ule mpira ubaki ndani. Nikalipa. Sitakutajia kiasi, ila mama mwenye nyumba akisoma gazeti hili ajue kodi ya mwezi huu inakuja kwa mafungu.

Nikamuuliza, daktari, kosa langu ni nini? Namlisha, simpigi, simtupi nje. Akanihoji kama polisi: anakula nini, anakunywa wapi, kuna nini kimebadilika nyumbani. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa paka wa ndani ana masharti, tena zaidi ya mganga wa Pangani.

La kwanza ni maji. Babu yao paka ni yule paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa sehemu kavu, ambaye hata hapa kwetu mbugani bado yupo. Alizoea kupata maji ndani ya panya na ndege anaowala, kwa hiyo kiu yake ni ya uvivu. Urafiki wetu naye ni wa zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kaburi waliloligundua kisiwani Saiprasi, mtu kazikwa na paka pembeni yake, na lina umri wa miaka kama 9,500! Lakini miaka yote hiyo haikumfundisha kunywa maji ya kutosha. Paka wa kilo nne anahitaji kama mililita 200 kwa siku, yaani kikombe cha chai, ukijumlisha na yaliyomo kwenye chakula. Sasa samaki mbichi au kuku zaidi ya nusu yake ni maji. Dagaa wakavu na vile vibiskuti vya dukani maji yake ni kidogo mno. Na Mheshimiwa mimi nilikuwa namlisha nini? Dagaa wakavu asubuhi, vibiskuti jioni, na maji kwenye kifuniko cha ndoo kilichokaa karibu na jiko la mkaa. Nilikuwa natengeneza ugonjwa kwa mikono yangu.

Siku hizi dagaa nawaloweka usiku, natupa yale maji ya kwanza ili kupunguza chumvi na mchanga, kisha nachemsha na kumpa pamoja na supu yake. Vibiskuti navilowesha. Maji yake yako kwenye bakuli mbili pana, mbali na chakula na mbali kabisa na choo, nabadilisha asubuhi na jioni. Ukimwona paka wako anapenda kunywa kwenye ndoo ya kuogea au bombani, usimfukuze. Shangazi yangu wa Pangani mwenye dini yake ananiambia paka hana najisi, ndiyo maana sahaba mmoja aliitwa Abu Huraira, baba wa kipaka. Mwache anywe.

La chakula ndilo wengi tunalokosea. Wee unapika ugali, unaumwagia mchuzi, unamwekea paka, eti naye "ale tulichokula." Mbwa ataishi kwa ugali. Paka hataishi, atachakaa. Yeye ni mla nyama wa kweli, na kuna kitu kinaitwa taurini ambacho mwili wake hautengenezi cha kutosha, lazima akipate kwenye nyama na samaki. Akikikosa muda mrefu anapofuka taratibu na moyo unalegea. Mwaka 1987 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha kuwa paka waliokuwa wanakufa kwa moyo kutanuka walikosa taurini tu, tena hata wale waliokuwa wanakula vyakula vya makopo vya Marekani! Viwanda vikalazimika kuiongeza. Basi kama mzungu na makopo yake alikosea, mimi na ugali wangu je?

Moyo wa kuku na wa ng'ombe una taurini nzuri, na buchani ni bei ya chini. Firigisi nayo sawa. Ini mpe, lakini kidogo, mara moja kwa wiki yatosha. Likiwa la kila siku vitamini A inazidi na mifupa ya shingo inaganda. Samaki mbichi kila siku nao si wema, baadhi yao wana kitu kinachokula vitamini B1, kwa hiyo chemsha. Mifupa ya kuku aliyepikwa usimpe, inapasuka kama vijiti na kumchoma utumbo. Nyama tupu bila mfupa nayo ina upungufu wa chokaa, ndiyo maana dagaa mzima aliyelainika na mifupa yake ni mzuri kuchanganya, au chakula cha dukani kilichoandikwa kuwa ni kamili kwa paka, ukiweza, hata siku chache kwa wiki.

Na kitunguu? Hapo tumeua wengi bila kujua. Kitunguu maji na kitunguu saumu, kibichi au kilichopikwa, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Sasa niambie, mchuzi gani wa Kitanzania usio na kitunguu! Chota chake kabla hujaunga.

Maziwa najua utanibishia, maana tangu kitabu cha darasa la kwanza tumeonyeshwa paka na kisosi cha maziwa. Wengi wakishakua tumbo lao haliwezi sukari ya maziwa, wanaharisha. Ukiona wa kwako anakunywa na haharishi, hiyo ni bahati yake.

Halafu kuna ile imani ya mtaani kuwa paka akishindishwa na njaa ndiyo atakamata panya. Siyo kweli. Kuwinda ni silika, aliyeshiba anawinda pia, tena kwa nguvu. Na paka mnene akisusa au kunyimwa chakula siku tatu nne, ini linajaa mafuta na anaweza kufa. Kwa hiyo Mheshimiwa na kitambi chake hanyimwi, anapunguziwa polepole.

Panya wenyewe wana hatari yao. Wale jamaa wanaopita na kipaza sauti "sumu ya panya, mende, kunguni!" wanauza kitu ambacho jirani akikiweka stoo, panya anakula, anatoka anayumba, paka anamdaka kwa urahisi, na sumu inahamia kwa paka. Nimewaomba wapangaji wenzangu wakitega sumu waniambie. Wawili wamekubali. Wa tatu amesema paka wangu hana kibali cha kwenda stoo. Hapo nimekosa jibu.

Sasa turudi kwa dada na ile Feri yake. Swali la daktari lilikuwa "kuna nini kimebadilika nyumbani?" Nikamwambia dada kaja, mjamzito, hataki kuona beseni la mchanga, nikalihamishia uani nyuma ya mlango wa bafu, karibu na watu wanaopishana na ndoo. Mheshimiwa alikuwa anachungulia, anarudi, anajibana. Juzi yake tu ndipo nilipolirudisha chumbani, usiku usiku. Daktari akasema, tazama basi. Paka akipata wasiwasi, mgeni, kelele, choo kuhamishwa, kibofu chenyewe kinavimba hata bila mdudu yeyote wa ugonjwa. Huko Marekani profesa Tony Buffington, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Ohio State, alitumia miaka mingi kuonyesha kuwa ukimtengenezea paka mazingira ya utulivu, maradhi haya ya kibofu yanapungua. Choo cha paka kinatakiwa mahali patulivu ambapo hashtuliwi, kinazolewa kila siku, na paka wakiwa wawili weka vyoo vitatu. Mimi natumia mchanga wa ujenzi niliouchekecha na kuuanika juani. Maranda ya seremala nayo yanafaa, mradi yasiwe na vumbi la kumpigisha chafya.

"Na mimba ya dada yangu?" nikauliza. Daktari hakucheka. Alisema hofu ya dada ina chanzo cha kweli, ila imemkamata asiye mwizi mkuu. Kuna kimelea kinaitwa toksoplasma. Mjamzito akikipata kwa mara ya kwanza wakati ana mimba, kinaweza kumharibu mtoto, macho au ubongo, au mimba ikatoka. Paka ndiye anayetoa mayai ya kimelea hicho kwenye choo chake. Lakini paka mwenyewe anakipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, na akishakipata anatoa mayai wiki mbili tatu hivi tu, na kwa kawaida basi. Tena mayai yakitoka hayawezi kuambukiza hapohapo, yanahitaji siku moja mpaka tano. Choo kinachozolewa kila siku, na mtu mwingine asiye mjamzito, kinakuwa kimeondolewa kabla ya kuwa hatari. Paka wa ndani anayekula vilivyopikwa nafasi yake ya kuwa nacho ni ndogo. Hatari nyingine kubwa ziko kwenye mishikaki isiyoiva, mchicha usiooshwa vizuri na udongo wa bustani.

Halafu akaniuliza, "Dada yako anakula udongo?"

Msomaji wangu, niliishiwa nguvu. Dada anatafuna ule udongo wa sokoni asubuhi, mchana na jioni! Ana pakiti yake chini ya mto, hajui ulichimbwa wapi wala nani alipita juu yake. Nilifika nyumbani siku hiyohiyo na kikapu kitupu, nikamweleza neno kwa neno. Alikasirika. Akasema nimemthamini paka kuliko mtoto wa kwetu, na kwamba daktari wa ng'ombe hawezi kumfundisha yeye mimba. Akanuna, hatukusemeshana mpaka Jumatatu jioni. Jumanne alikwenda kliniki, akamuuliza nesi. Aliporudi alipita moja kwa moja mpaka kitandani, akatoa ile pakiti chini ya mto, akanipa bila kusema neno. Nikaitia kwenye pipa la taka. Mchicha sasa anaosha maji matatu. Beseni la mchanga ni langu mimi, yeye haligusi, na mkono wangu unapata sabuni kila mara.

Mheshimiwa alirudi Jumanne mchana, amekonda, amenyolewa mguu mmoja wa mbele palipokuwa na dripu. Nimerudishiwa pamoja na kazi ya nyumbani. Nisiache uzi, kamba wala mpira wa nywele sakafuni, paka akimeza uzi unamkata utumbo kama msumeno. Nimfungie kamba ya katani kwenye mguu wa meza anoe kucha hapo, na kweli tangu niifunge kochi limepumua. Kumpiga hakusaidii, anajifunza tu kukuogopa wewe. Usiku kabla ya kulala nimchezeshe kwa kipande cha kanga nikikikokota, dakika kumi, halafu nimpe chakula cha mwisho, ndipo nami nitalala, maana saa za paka za uchangamfu ni magharibi na alfajiri. Viroboto akipata, nisimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe wala ile ya mbwa. Nyingine zina pamethrini, na hiyo inamtetemesha paka mpaka anakufa.

Mheshimiwa alishahasiwa zamani, ndiyo maana ndani hakunuki. Ninyi wenye majike, yale mayowe ya usiku kama mtoto mchanga ni joto la kutaka dume, linaanza hata akiwa na miezi mitano, na linarudi na kurudi. Mtaani kwetu jike mmoja mweusi alipigwa mawe kwa mayowe hayo, wakamwita jini. Alikuwa anataka mume tu, masikini! Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini nani alimsomea yule aliyeokota jiwe? Mpeleke afungwe kizazi. Akishapata mimba, zinapita siku kama 63 unakuwa na vitoto vitano vya kugawa, na hapo ndipo watu wanapoijua njia ya Feri.

Chanjo ya kichaa cha mbwa naye anaihitaji, usidanganywe na jina. Akishafika miezi mitatu anachanjwa, halafu kila mwaka. Sehemu nyingi kuna kampeni za chanjo karibu na Septemba 28, siku ya ugonjwa huo duniani, na watu wanapanga foleni na mbwa. Mwaka huu nitapanga na kikapu changu cha ukili. Na paka usiyemjua akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali, siyo kesho.

Jana jioni nilimkuta dada amelala kwenye mkeka, Mheshimiwa amejikunja ubavuni kwake, kichwa kimeegemea lile tumbo. Nilipoingia dada akasema haraka, "Kaja mwenyewe, sijamwita." Sikubisha. Mimi kwa sasa nina desturi mpya, kabla ya chai nachungulia beseni. Nikikuta mchanga uliolowa naenda zangu kuwasha jiko. Leo nimekuta sehemu mbili.